Milonge Isiyoguswa

Siku miguu ya Laila ilipogoma, mamake alidhani ni uvivu.

"Inuka, mwanangu, jua limeshapanda," Nafisa alisema kutoka uani, mikono imejaa unga. "Kinu kinakungoja."

"Mama, miguu haitaki."

"Tangu lini miguu ikawa na kutaka na kutotaka?"

Laila alishika mwimo wa mlango, akajivuta, akasimama. Magoti yakaanza kutetemeka na kugongana, kisha akaketi chini kwa kishindo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, si mtu wa kudeka. Akajaribu tena, na mara hii hakufika hata nusu. Hakulia, aliitazama miguu yake kwa mshangao, kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani kwa makosa. Aliyelia ni mdogo wake, Cadija, wa miaka mitano, ambaye aliuona uso wa mama na kujua kwamba mambo si mambo.

Nafisa alimkanda kwa mafuta ya nazi, akamkanda kwa maji ya moto. Kufika adhuhuri ua ulikuwa umejaa wanawake wa mtaa, na kila mmoja alikuwa daktari. Mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine alisema ni jini. Jirani yao Muaija, ambaye mdomo wake haufungi hata Ramadhani, alitazama kwenye ua akasema waziwazi:

"Hiki ni kijicho, mama Laila. Watu wameiona milonge yenu."

Milonge yenyewe ilikuwa safu iliyozunguka ua mzima. Mussagy, mume wa Nafisa, aliichomeka ziliposikika habari kwamba watu wa kampuni ya gesi wataichukua ardhi ile, wenyeji watahamishwa, na kila mti utahesabiwa na kulipwa. Wanaume ambao maisha yao yote hawakupanda hata mchicha waligeuka wakulima kwa usiku mmoja. Mlonge hauna maringo, ukichomekwa unashika. Safu ikashika, ikapanda, ikafunga majani. Ndani yake, kati ya milonge na nyumba, palikuwa na kunde na matuta ya muhogo mtamu. Na vyote hivyo, tangu wahesabuji walipoanza kazi, vilikuwa haramu.

Si haramu ya dini, ni haramu ya Mussagy. Wahesabuji walianzia mashamba ya mbali, wakawa wanakuja polepole kuelekea majumbani. Shamba la mbali la Mussagy, la muhogo mchungu, lilikwisha kuandikwa, na hilo likaruhusiwa kuliwa. La uani lilikuwa bado. Na hapo msikitini ilizuka habari, hakuna aliyejua imetoka kwa nani, kwamba mti usio na majani unaandikwa umekufa, na tuta lililochimbwa linaandikwa tupu. Basi kijiji kizima kikawa kinakula kilichohesabiwa na kulinda kisichohesabiwa. Mussagy alipokuwa anaondoka kwenda dago, kambi ya wavuvi kisiwani Macaloe, kuvua na kukausha samaki, neno lake la mwisho lilikuwa hilo: "Hata jani moja usiguse, mama Laila. Hata moja."

Muhogo mchungu una adabu zake. Unamenywa, unalowekwa bwawani mpaka unalainika na kunuka, unaanikwa, ndipo unatwangwa. Kila mwanamke alikuwa na pembe yake bwawani, na mwenzake haingii hapo. Lakini mwaka ule mvua zilidonadona tu, bwawa likabaki tope, na tumbo halina subira. Wanawake wakashika njia ya mkato: unamenywa asubuhi, unatwangwa mbichi, unaanikwa juani, kesho yake ni ugali. Ugali wenyewe ulikuwa na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Watoto walikula wakasema kichwa kinazunguka, na wakubwa wakacheka, wakasema wamelewa muhogo, leo watalala mapema.

*

Nafisa aliazima baiskeli, akamkalisha Laila nyuma, akaisukuma mpaka zahanati. Muuguzi alikuwa Felismina, mwanamke wa Mueda, mwenye kusema kwa mkato na kuandika huku anasema. Alimgonga Laila chini ya goti kwa kinyundo kidogo, na mguu ukaruka juu kwa nguvu, kama umekanyaga moto. Akagonga tena. Kalamu akaiweka chini.

"Mnakula nini nyumbani?"

"Ugali, senhora."

"Wa nini?"

"Wa muhogo."

"Na nini?"

Foleni nyuma ilikuwa imetega sikio. Nafisa aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Hakuna aibu inayouma kama kuulizwa chungu chako mbele ya watu. "Na chumvi," akasema kwa sauti ya chini.

Mtu akakohoa kwenye benchi.

"Mume wako si mvuvi? Samaki wako wapi?"

"Wanauzwa hukohuko dago."

"Kunde? Majani?"

"Yapo. Hayaguswi."

Felismina akainua uso. "Hayaguswi kwa nini?"

Nafisa akaeleza: milonge, matuta, wahesabuji, habari za msikitini. Alitegemea mwanamke yule wa bara atamcheka. Muuguzi hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha. Felismina alimshika mkono akamtoa nje, nyuma ya tangi la maji, mbali na masikio ya mtoto.

"Sumu ya muhogo mchungu unaijua kuliko mimi," alisema. "Ikiwa ndogo mwili unaitoa. Lakini mwili hauitoi kwa mikono mitupu, unataka chakula cha kusaidia. Samaki, kunde, majani. Ukiukosesha, sumu inapanda ubongoni, inaharibu pale panapoamrisha miguu. Mwanao imeshampata. Niliyaona haya kwetu, mwaka wa ukame."

"Dawa yake?"

"Hakuna."

"Hata hospitali kubwa ya Pemba?"

"Pemba watampa magongo na mazoezi. Ataishi, atakua, ataolewa Mungu akipenda. Lakini miguu ile ya kwanza hairudi, mama. Siwezi kukudanganya."

Nafisa aliegemea tangi. Lilikuwa la moto kwa jua, na hakuondoa mgongo.

"Na haya majani ya mlonge? Watu wanasema yanalinda kichwa."

"Watu wanasema, na wasomi nao wanayachunguza. Mimi sikuapii. Ninavyojua ni chakula kizuri, na mtoto mwenye chakula kizuri sumu haimpati kirahisi. Ninachokuapia ni kimoja: ugali ule wa haraka usiwape tena." Akasita. "Una mtoto mwingine?"

"Ninaye. Mdogo."

"Muwahi huyo."

*

Mussagy alirudi kabla ya Ijumaa, habari zilimfuata kisiwani. Aliingia na ndoo yake ya samaki wakavu, akaiacha mlangoni bila kuitazama, akapiga magoti mbele ya Laila. Alimshika nyayo, moja moja, akazigeuza, akazipapasa. Mtu yule ambaye mtaa mzima ulimwita mgumu alizifuta vumbi kwa kiganja.

"Babako yupo," alimwambia. "Tutakwenda Pemba. Pemba wakishindwa, Nampula. Nampula wakishindwa, nitavuka Ruvuma nikupeleke Muhimbili kwa Watanzania. Miti ikilipwa tu, tunaondoka. Umesikia?"

"Nimesikia, baba," Laila akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile akatabasamu.

Nafisa alikuwa amesimama pale pale. Jibu la muuguzi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Amwambie nani, na amkatie nani tumaini, huku mtoto anang'aa macho? Akalimeza. Likaenda likakaa kifuani, zito, na kila siku iliyopita liliongeza uzito.

Alijaribu kupita mlango wa nyuma. "Baba Laila, muuguzi kasema tule majani. Na huu muhogo wa haraka tuuache."

"Tuuache tule nini?"

"Kuna muhogo mtamu hapo uani. Kuna milonge."

Mussagy alimtazama kama aliyetukanwa. "Yale majani ndiyo miguu ya Laila. Ukiyala unakula miguu ya mwanao. Wahesabuji wako nyumba za upande wa pili, wanakuja wiki hii au ijayo. Mmeshindwa kungoja wiki?"

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema inafanya nini vichwani. Samaki wale wakavu walikuwa wameshaahidiwa mtu wa Palma, mkia kwa kichwa, ndiyo akiba ya nauli ya Pemba. Mussagy alichomoa wawili akawaacha jikoni, kisha akasema kwamba amesikia kuna dawa ya chupa sokoni, inalinda ubongo dhidi ya sumu, watu wa dago wanaisifu. Akampa mkewe hela akanunue.

*

Muuzaji wa dawa aliitwa Chaquir. Zamani aliuza kadi za simu. Sasa alikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na chupa za kijani zimepangwa vizuri kama askari gwaride.

"Hii wanaita extracto," alisema. "Imekamuliwa kwa mashine, si kwa mikono. Sumu ya muhogo, sumu ya kasa, sumu ya dawa ya mbu, zote zinakuja zinakuta mlango wa ubongo umefungwa. Kijiko kimoja kabla ya chakula, halafu mtoto ale atakacho."

"Atakacho? Hata muhogo mchungu?"

"Ndiyo kazi yake hiyo, mama. Kama angekula nyama na mayai, dawa ya nini?"

Nafisa alifungua kifuniko akanusa. Harufu ilimpiga akajua papo hapo. Ilikuwa harufu ya ua wake mwenyewe baada ya mvua.

"Huu si mlonge?"

"Ah, mama, usiniharibie biashara. Ule wa nyumbani ni mboga. Huu umesafishwa."

"Mimi ninao nyumbani, safu nzima."

"Ungekuwa nao ungekuja hapa?"

Watu waliozunguka meza wakacheka. Mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua akamwambia mwenzake kwa Kireno neno ambalo Nafisa hakulielewa, lakini kicheko chake alikielewa. Akalipa upesi ili aondoke. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: mwenye milonge amenunua majani ya mlonge, kwa sababu amekatazwa kugusa milonge.

Lakini tuseme kweli, njiani aliikumbatia chupa ile kifuani. Aliitaka iwe kweli. Kama ni kweli, hana haja ya kugombana na mumewe, hana haja ya kusema lililomkaa moyoni, na Cadija yuko salama. Mtu mwenye hofu akiuziwa usingizi, hanusi mara mbili.

*

Ikawa kijiko kabla ya chakula. Cadija alikunja uso, akameza, kisha akapewa ugali ule ule. Samaki wawili waliisha, chumvi ikarudi. Laila naye alipewa kijiko chake, akakilamba mpaka kikang'aa, kwa sababu babake alisema kitasaidia hadi wafike Pemba. Nafisa alitazama kila mdomo ukifunga juu ya kijiko, akapumua. Unga wa haraka ukaendelea kuanikwa juani, mweupe, mzuri wa macho.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, Cadija alikuwa anavuka ua kumfuata kuku. Akapepesuka. Akacheka, akadhani ni mchezo. Akapepesuka tena, akashika hewa, akaanguka kando, na matapishi yakamtoka, meupe na kijani.

Nafisa hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alimbeba, akamtikisa. Macho ya mtoto yalikuwa yanaogelea.

"Cadija! Unaitwa nani? Jina lako nani?"

Mtoto alifungua mdomo, ulimi ukamkwama.

"Simama! Simama, mwanangu, simama nikuone!"

Alimsimamisha kwa nguvu, akamwachia. Miguu ile midogo ilitetemeka. Nafisa alihisi roho yake imening'inia pale, kwenye magoti mawili ya mtoto wa miaka mitano, na mlangoni Laila alikuwa ameshika mwimo kwa mikono miwili. Magoti yakayumba, yakarudi. Cadija alisimama. Akaanza kulia, na kilio kilikuwa na sauti yake ya kawaida.

Mpaka alasiri mtoto alikuwa anataka maji na kuuliza kuku yuko wapi. Safari hii alikuwa amelewa tu. Safari hii. Nafisa aliangalia ile chupa juu ya rafu, imefika nusu, kila tone la nusu ile limepita koo la mwanawe. Mlango wa ubongo umefungwa, alisema yule mtu wa meza nyeupe. Na yeye mama mtu, aliyeambiwa kwa kinywa cha muuguzi asiwape ugali ule, aliwapa kwa mkono wake, kwa sababu alishika chupa.

Alimwaga unga wote shimoni. Kisha akachukua panga, akaenda kwenye milonge.

*

Mussagy alikuwa anatoka msikitini aliposikia matawi yanaanguka. Alikuja nusu mbio, kanzu ameishika mkononi. Upande mzima wa ua ulikuwa uchi, mashina matupu yamesimama, na mkewe anapandisha panga kwa shina linalofuata.

"Mama Laila! Umerukwa na akili?"

"Bado."

"Lete panga."

"Sileti."

Majirani walikuwa wameshatokeza vichwa. Muaija alikuwa amepanda juu ya kinu chake ili aone vizuri.

"Nimekwambia majani haya ni miguu ya Laila!"

"Miguu ya Laila haipo, Mussagy!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina. Nafisa mwenyewe alishtuka, lakini neno likitoka halirudi, na nyuma yake yalikuwa yamejipanga mengine.

"Haipo Pemba, haipo Nampula, haipo Muhimbili. Muuguzi aliniambia siku ile ile. Hairudi. Unamlindia miti mtoto ambaye yake yameshapita, na huyu mwingine leo kaanguka mbele ya macho yangu. Imebaki miguu miwili nyumba hii, baba Laila, na ni ya Cadija. Hiyo ndiyo ninayoikatia."

Mussagy alibaki na mkono umenyooka, ule wa kudai panga. Kisha ukashuka wenyewe.

"Tangu siku ile ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Ukaniacha nikamwahidi mtoto."

"Nilikuacha. Niliogopa. Mungu anisamehe, nilikuogopa wewe na nilimwogopa yeye."

Ndipo wote wawili wakakumbuka mlango. Laila alikuwa pale, ameketi kizingitini, mgongo umenyooka. Alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama babake, si kwa lawama. Alikuwa anasubiri aseme kwamba mama kakosea. Mussagy alivua kofia yake, akajifunika nayo uso, mabega yakamtikisika. Muaija akateremka kwenye kinu, akaingia ndani.

Baada ya muda Mussagy aliirudisha kofia kichwani. Alikwenda kwenye matuta ya muhogo mtamu, akainama, akaanza kung'oa kwa mikono.

*

Wahesabuji walifika wiki ile ile. Mkuu wao aliitwa Zacarias, kijana mpole, mwenye viatu vizito na kofia ya plastiki, na aliwaamkia watu vizuri. Alitembea kando ya ua, akigusa shina moja moja na kuandika. Nyuma yake watu wa mtaa walifuata, kila mmoja akiwaza miti yake, na wengine, tusifichane, wakifurahi kidogo kwamba cha Mussagy kimekatika.

Mussagy alijitanguliza. "Hii haijafa, chefe. Tumeikata wenyewe. Tulikuwa na njaa. Andika unavyoona."

Zacarias akageuka. "Nani kasema imekufa? Mlonge huu? Ukikatwa leo, mwezi ujao umechipua. Mimi nahesabu shina."

"Na majani?"

"Majani?" Kijana akacheka kidogo, kwa wema tu. "Majani nihesabu mangapi, baba? Majani mngekula tu."

"Na tuta lililochimbwa?"

"Tuta ni tuta. Ardhi yake napima. Mbona mnaniuliza hivi kila nyumba? Nani aliwaambia msile?"

Wanaume walitazamana, kila mmoja akimtafuta mwenzake aliyemwambia, na yule akimtafuta wake. Muaija alitazama milonge yake, iliyofunga majani mpaka juu, kisha akawatazama wanawe waliosimama pembeni, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti ya ajabu, ili aone kila mmoja anavyokuja. Mussagy alisimama katikati ya ua wake. Nafisa alitaka kumshika mkono, na mbele za watu wote wale akamshika.

Zacarias alimaliza, akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Laila alikuwa kwenye mkeka, matawi ya mlonge yamerundikwa pembeni yake. Alikuwa ameombwa apukuse majani kwa ajili ya chakula cha mchana, akawa anapukusa tangu asubuhi. Nafisa alikwenda akaketi karibu, akavuta tawi lake.

"Mama."

"Labeka."

"Haya majani, nikila sana, miguu haitarudi?"

Nafisa alilipukusa tawi mpaka mwisho kabla ya kujibu. Ukweli aliokwisha kuumeza ulimtosha maisha yake.

"Haitarudi, mwanangu."

"Ni ya Cadija haya."

"Ni yenu wote. Ila wewe tulikuchelewesha."

Laila aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye ungo, juu ya majani, akayaacha. Kisha akajifuta kwa ukingo wa kanga ya mama, akavuta tawi jingine, akalipukusa kwa mkono mmoja, haraka.

"Haya yametosha chungu kimoja," alisema. "Mwite. Leo nitamlisha mimi, mpaka amalize."

Nafisa akaita. Kutoka nyuma ya nyumba Cadija aliitika, akaja mbio.